Siku 10 za Danieli: chakula chetu, vidonge vyetu na magonjwa yasiyotoka

Somo la vikundi. Kusoma mbele ya kuanza: Danieli 1:8-16, 2 Wafalme 20:1-7, Luka 17:11-19, 1 Timoteo 5:23.



Wengi wenu mulimujua baba ninayetaka kuanza naye somo hili. Sitaandika jina lake, kwa heshima ya mujane wake. Aliimba sauti ya chini katika kwaya yetu miaka mingi. Alikuwa mufanyakazi wa zamani wa mugodi, mutu wa bidii, na alikuwa na tansio miaka 8. Kila asubuhi alimeza kidonge chake pamoja na chai, na kazi yake iliendelea vizuri.

Siku moja mutu alifika nyumbani kwake na mufuko wa chupa. Ndani mulikuwa poda ya kijani, vidonge vya mafuta, na chai ya kusafisha damu. Akafungua karatasi yenye picha na rangi, akasema maneno ambayo kila mugonjwa anatamani kusikia: hii si kemia, hii ni ya asili, hii inangoa muzizi wa ugonjwa. Baba akauza cherehani ya mama ili alipe chupa za miezi 3. Na kwa sababu pesa haikutosha kwa chupa na kwa vidonge pamoja, akaacha vidonge. Halafu katika maombi ya usiku mutu mwingine akasimama, akamwambia kwamba imeonyeshwa damu yake imekwisha kusafishwa. Wote tulijibu amina. Mimi niliyeandika somo hili, mimi pia nilijibu amina.

Juma la 5 alianguka karibu na pompi ya maji. Upande wa kuume ulikufa, na ile sauti ya chini haikurudi tena. Aliishi hivyo mwaka mumoja, mama akimulisha kwa kijiko.

Tangu siku ile ninajiuliza juu ya amina yangu. Ndiyo maana nimeomba wazee waniruhusu kufundisha somo hili, hata kama mimi si muganga. Nimesoma, nimeuliza waganga, na nimefungua Biblia tena mahali ambapo nilifikiri ninapajua.

Magonjwa gani

Tunasema hapa juu ya magonjwa ambayo hayaji kama malaria, siku 3 za homa kisha yamekwenda. Tansio, ugonjwa wa sukari, magonjwa ya moyo na ya figo, na kansa nyingine. Yanaingia polepole, yanakaa. Tansio ni mubaya zaidi kwa sababu haiumi. Mutu anaweza kuwa na 18 kwa 11 na bado anapiga ngoma katika ibada. Anayefikiri kwamba atasikia kichwa kuuma ndipo ajue, huyo anangojea barua ambayo haitaandikwa.

Kwa hiyo vipimo ndivyo vinavyosema. Tansio ikifika 140 juu ya 90, ile ambayo waganga wetu wanaita 14 kwa 9, na ikirudi hivyo siku mbalimbali, huyo mutu ana ugonjwa. Sukari ya damu asubuhi mbele ya kula, ikifika 126 na kupita, na ikipimwa tena ikawa vile vile, huo ni ugonjwa wa sukari.

Danieli alikubali kuangaliwa

Tunapenda kuhubiri Danieli katika tundu la simba. Lakini mbele ya simba kulikuwa sahani. Yeye na wenzake 3 walikataa chakula cha mufalme, wakaomba mboga na maji. Ndugu wengine wameniuliza: Biblia moja inaandika mutama, nyingine mboga, iko namna gani? Neno la Kiebrania linatoka katika neno mbegu, ni kusema vyakula vinavyoota kutoka mbegu: nafaka, maharagi, mboga. Basi wote mumesoma vizuri.

Ninaomba muangalie mustari wa 12 na wa 13. Danieli hakumwambia musimamizi, amini tu. Alimwambia ajaribu siku 10, kisha aangalie nyuso zao pamoja na nyuso za wale wengine, na afanye kulingana na atakachoona. Danieli, mutu wa maono, alikubali kuangaliwa na mupagani. Shikeni jambo hilo, tutarudi kwalo.

Na zile siku 10 si maneno ya zamani tu. Mwaka 1997 waganga wa Marekani walitangaza jaribio ambalo lilifanywa na watu wazima 459. Kundi moja lilipewa chakula chenye matunda mengi, mboga nyingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi na mafuta kidogo. Kwa wale waliokuwa na tansio, nambari ya juu ilishuka kwa 11 hivi, na kushuka huko kulionekana ndani ya majuma 2. Hakukuwa chupa, hakukuwa poda. Ilikuwa sahani.

Chakula cha baba zetu na chakula cha mugodi

Mutu atasema: mbona babu zetu hawakuwa na tansio? Swali ni zuri, na jibu linajulikana kidogo. Muganga Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi miaka mingi Uganda. Aliona kwamba katika vijiji magonjwa hayo yalikuwa haba sana. Mwaka 1956, pamoja na mwenzake, aliandika habari ya Mwafrika mumoja aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu kumuona mugonjwa wa namna ile katika Afrika ya Mashariki kulikuwa jambo la kushangaza. Leo nani angeandika habari ya mutu mumoja? Huyu Trowell, aliporudi kwao Uingereza, alitawazwa kuwa padri wa Anglikana. Yeye na mwenzake Denis Burkitt, muganga wa kupasua aliyefanya kazi Uganda naye pia, walifundisha watu wa Ulaya kwamba pumba na nyuzi za chakula, ambavyo tunatupia kuku, vinasaidia mwili.

Kisha kuna habari ya Waluo wa Kenya, iliyotangazwa mwaka 1990. Watafiti walifuata watu waliotoka vijiji vya upande wa Ziwa Victoria wakahamia Nairobi kutafuta kazi. Damu ilikuwa ileile na kabila lilelile. Lakini baada ya miezi michache tu mujini, tansio yao ilikuwa juu kuliko ya ndugu zao waliobaki kijijini. Mukojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na potasiumu kidogo zaidi, ile inayotoka katika mboga, maharagi, ndizi na viazi. Ugonjwa haukutoka katika uchawi wa jirani. Ulitoka katika sufuria.

Wapendwa, hiyo ni habari yetu pia. Nani katika Kolwezi ni mwenyeji kabisa? Babu zetu walitoka Sandoa, Dilolo, Kasai, Kamina, wakaja kwa Union Minière, na tangu mwaka 1967 kwa Gécamines. Walikuta poso: unga mweupe wa mahindi katika mifuko. Poso iliokoa watoto na njaa, siisemi vibaya. Lakini ilitufundisha kwamba chakula ni bukari nyeupe, mulima mukubwa, na mboga ni kitu cha kusukumia tu. Kamoto ilipoanguka chini ya ardhi mwaka 1990 na kampuni ikadhoofika, mifuko ilikoma. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka na pesa yao ya mwisho. Poso ilikwisha, lakini ule mulima wa bukari ulibaki katika sahani, na juu yake tumeongeza vitu ambavyo babu hakuvijua.

Chumvi kwanza. Shirika la Afya la Dunia linasema mutu muzima asipite gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyojificha. Mama, pimeni hivi: nyumba ya watu 6, pakiti ya chumvi ya nusu kilo inapaswa kukaa zaidi ya majuma 2. Kama kwako inakwisha kwa juma moja, umekwisha kujua. Na hapo hatujahesabu Maggi tunayovunja katika mboga, vipande 3 kwa sufuria moja, wala makayabu. Makayabu yalale katika maji usiku wote, na maji yabadilishwe mara 2 au 3. Ndakala zisafishwe vizuri kwa maji ya moto. Mukitumia Maggi, musitie chumvi tena. Chumvi yenyewe iwe ile yenye yodi, musiiache kabisa, kwa sababu yodi inalinda mama mwenye mimba na akili ya mutoto. Kitunguu, nyanya, tangawizi, vitunguu saumu na limao vinajua kazi ya kutia ladha.

Pili sukari. Chupa moja ndogo ya sukre ina karibu vijiko 7 au 8 vya sukari. Tunakataza bia katika kanisa, na ni vizuri, lakini nimeona katika harusi zetu mutoto wa miaka 6 akinywa sukre 3 na hakuna shemasi anayesema neno. Munkoyo wa nyumbani usiotiwa sukari nyingi ni bora, na maji ni bora kuliko vyote viwili.

Kwa bukari, sikatazi. Mutu wa Katanga bila bukari anasema hajakula. Lakini nusu ya sahani iwe mboga, robo bukari, robo maharagi au samaki au karanga. Na kama munasagisha mahindi wenyewe, musitoe pumba yote. Finkubala ni nyama nzuri ambayo Mungu ameweka katika muti, hata kama vijana wa leo wanazionea haya mbele ya wageni. Mafuta ya ngazi yana vitamini A, lakini yawe kijiko, yasiwe ziwa, na musiyachome mpaka yawe meupe.

Juu ya kutembea nitasema kidogo tu. Waganga wanaomba dakika 150 kwa juma. Mama anayebeba maji na kwenda shamba amekwisha kuzimaliza siku ya kwanza. Ni sisi wanaume tunaopanda moto kutoka nyumbani mpaka kanisa, mita 600.

Mboga yenyewe, na vumbi letu

Hapa Kolwezi hatuwezi kufundisha juu ya mboga kama wanavyofundisha Kampala, kwa sababu udongo wetu una vitu vingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mukojo wa watu wa Katanga. Mwaka 2009 walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, wana kobalti, risasi, kadmiumu, shaba na urani zaidi kuliko wanaokaa mbali. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za Kasulo, na watu wakachimba mashimo katika viwanja vyao. Mukumbuke: katika sebule, katika jikoni. Mwaka 2018 watafiti hao walitangaza kwamba wakaaji wa Kasulo, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi sana katika mwili, na vumbi la nyumbani lilikuwa njia mojawapo.

Jambo hilo linahusu somo letu kabisa. Risasi ikikaa katika mwili inapandisha tansio, na kwa mutoto inaharibu akili. Kadmiumu inaharibu figo polepole. Ni kusema mutu anaweza kupunguza chumvi na bado kula ugonjwa katika lenga-lenga iliyonyweshwa na maji ya mugodi.

Si kusema tuache mboga. Kuacha mboga ni hasara kubwa zaidi. Ni kusema tuulize zimetoka wapi. Mama, mwulizeni muuzaji bustani yake iko mahali gani. Mboga za majani zinavuta metali kuliko mahindi na maharagi, basi bustani ya majani isiwe kando ya takataka za kiwanda wala kando ya muto unaopokea maji ya kuosha mawe. Muzioshe katika maji safi mara 3, kwa sababu vumbi linatoka kwa kuosha, lakini kile ambacho muzizi umekunywa hakitoki. Mihogo na mahindi musianike kando ya barabara ambapo malori ya mawe yanapita. Jengeni kichanja. Nyumbani mupanguze kwa kitambaa chenye maji, kuliko kufagia kukavu na kuinua vumbi mpaka katika sahani. Anayechimba au kuosha mawe aache nguo zake inje, aoge mbele ya kubeba mutoto. Na mama wenye mimba wanaokula pemba, ninajua hamu inakamata, lakini udongo ule unaweza kuwa na risasi, na unazuia chuma ya chakula kuingia katika damu. Mutoto aliye na chuma na kalsiumu ya kutosha, kutoka maharagi, ndakala pamoja na mifupa yake, na mboga za bustani safi, mwili wake unapokea risasi kidogo zaidi. Hapo tena chakula ni ngao.

Zile chupa

Sasa turudi kwa mufuko wa yule muuzaji. Je, vitamini za chupa ni mbaya? Hapana, zingine ni lazima. Mama mwenye mimba anapewa vidonge vya chuma na asidi foliki. Watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 wanapewa vitamini A. Mugonjwa wa sukari aliyemeza metformine miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na muganga atamupa. Hivyo vyote vinatolewa kwa mutu anayejulikana anakosa nini. Jambo baya ni kumuambia mutu asiyepimwa kwamba chupa hii inakinga na kuponya magonjwa 40.

Huko Finland watafiti walifikiri hivi: watu wanaokula vitu vyekundu na vya manjano, karoti, papai na vingine vyenye karotini, wanapata kansa ya mapafu kidogo zaidi. Basi tutoe ile karotini, tuitie katika kidonge. Wakawapa wanaume wavutaji wa tumbako, kati ya watu 29 133 wa jaribio lile. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: wale waliomeza karotini walipata kansa ya mapafu zaidi kuliko wale wasioimeza. Kisha mwaka 1996 jaribio lingine la namna hiyo Marekani lilisimamishwa mbele ya wakati wake, kwa sababu ileile. Papai haikudanganya mutu. Kidonge kilichotolewa ndani ya papai ndicho kilidanganya.

Na neno "asili" lisitulaze usingizi. Mwaka 1993 waganga wa Brussels walitangaza habari ya wanawake walioharibika figo baada ya kumeza dawa ya majani ya Kichina ili wapunguze unene. Muti mumoja uliwekwa mahali pa mwingine, na ule ulikuwa na sumu ya figo. Baadaye walionekana zaidi ya mia moja. Majani ni ya asili, na sumu yake pia ni ya asili.

Lakini nisieleweke vibaya. Mimi sisimami pamoja na wale wanaocheka miti ya wazee. Ile metformine, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa sukari wa Kolwezi wanameza, historia yake inaanza katika muti mudogo wa Ulaya, Galega officinalis, ambao watu wa vijijini walitumia zamani. Walichunguza kilichomo, wakatafuta kinachofanana nacho kisicho na sumu, na mwaka 1957 muganga Jean Sterne wa Paris akatangaza matumizi yake kwa wagonjwa. Jani na kidonge si adui. Kitu kilicho katikati yao ni kipimo: kiasi gani, kwa nani, na kinafanya nini. Kwa hiyo kama munakunywa majani ya muringa au dawa ya muti, mwambieni muganga wa kituo. Musifiche kwa haya. Dawa 2 zinaweza kugombana ndani ya mutu mumoja.

Kikombe cha Loliondo

Mwaka 2011 dunia yote ya Waswahili ilisikia habari ya Samunge, kijiji cha Loliondo, Tanzania. Mzee Ambilikile Mwasapile, muchungaji wa Kilutheri aliyekuwa amestaafu, alisema Mungu alimuonyesha katika ndoto muti unaoitwa mugariga. Alichemsha, akatoa kikombe kimoja kwa shilingi 500, akisema kinaponya sukari, tansio, kansa, UKIMWI. Watu walikuja kwa maelfu na maelfu, kutoka Kenya na mbali zaidi, magari yakapangana kilometa nyingi. Wagonjwa wengine walikufa katika mustari, mbele ya kufika. Mzee hakutajirika kama wauzaji wetu, bei yake ilikuwa ya masikini, na sitaki kumuhukumu. Alifariki mwaka 2021.

Kikombe chenyewe huenda hakikumuua mutu. Kilichoua ni kurudi nyumbani na kutupa vidonge. Waganga wa Tanzania na Kenya waliwaona wagonjwa wa sukari na wa UKIMWI waliosimamisha dawa kwa sababu walikunywa, na hali yao ikawa mbaya. Ukiangalia vizuri, ni habari ya baba yetu wa kwaya, mara elfu.

Je, nabii akisema umepona?

Tumefika mahali pagumu, na ninaomba tusiogope. Sisi ni kanisa la unabii. Tunaamini Mungu anaponya, na wengi kati yetu ni mashahidi wa jambo hilo. Basi mutu akiambiwa katika ibada kwamba amepona tansio, je, kuendelea na kidonge ni kukosa imani?

Someni tena 2 Wafalme 20. Hezekia ni mugonjwa wa kufa. Isaya anapokea neno katika kiwanja, anarudi, anamwambia mufalme kwamba Mungu atamuponya na siku ya 3 atapanda kwenda hekaluni. Unabii wazi kabisa. Na kinywa kilekile, katika ziara ileile, kinaagiza waandae andazi la tini na kuliweka juu ya jipu. Isaya hakuona kwamba tini zinaharibu unabii wake. Kama nabii Isaya aliagiza dawa baada ya kutabiri uponyaji, nani katika Kolwezi ni nabii mukubwa kuliko Isaya hata akataze?

Paulo naye. Katika Matendo 19 vitambaa vilivyomugusa viliponya wagonjwa. Lakini kwa Timoteo, mutoto wake katika imani, aliyekuwa na tumbo la kumusumbua mara kwa mara, hakutuma kitambaa. Alimuandikia abadilishe anachokunywa, divai kidogo. (Ndugu, kidogo, na kwa tumbo. Musinikimbize na mustari huo.) Na katika 2 Timoteo 4:20 anasema alimuacha Trofimo mugonjwa kule Mileto. Hakumuita mwenye dhambi.

Halafu wakoma 10 wa Luka 17. Bwana mwenyewe aliwaponya, na neno lake la kwanza kwao lilikuwa waende wajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini? Kwa sababu katika Walawi 14 kuhani ndiye alipewa kazi ya kuangalia ngozi na kusema huyu ni safi. Uponyaji wa Yesu ulipelekwa kwa mupimaji. Danieli alikubali kuangaliwa baada ya siku 10, wakoma walitumwa kuangaliwa. Basi mutu aliyeambiwa amepona tansio aende kituo cha afya kujionyesha, huku akiendelea na kidonge chake. Akipimwa mara nyingi na muganga mwenyewe akasema tupunguze, au tuache, tutapiga ngoma usiku wote. Mutu akikataza kupimwa, wazee wa kanisa wanapaswa kumuuliza anaogopa nini.

Jambo la kufunga ni vile vile. Mugonjwa wa sukari anayejipiga sindano ya insulini, au anayemeza vidonge vinavyoshusha sukari, akifunga siku 3 bila kula wala kunywa, anaweza kuzimia na kufa, na hiyo si sadaka ambayo Mungu ameomba. Mama mwenye mimba na mugonjwa wa figo pia. Danieli 10:3 inatuonyesha kufunga kwingine: majuma 3 bila chakula kitamu, bila nyama, bila divai. Anayependa kufunga pamoja na wenzake aache sukre, Maggi na nyama, asali yake iwe maji, na ale kwa saa zake kama alivyoambiwa na muganga. Viongozi wa maombi, mbele ya kutangaza kufunga, ulizeni nani anameza dawa.

Maulizo ya kikundi

1. Katika nyumba yako pakiti ya nusu kilo ya chumvi inakaa siku ngapi? Kila mama aandike tarehe ya kuifungua, na alete jibu baada ya mwezi mumoja.

2. Mboga tulizokula juma hili zilitoka bustani gani, na bustani ile inanyweshwa na maji gani? Katika kikundi chetu nani ana kiwanja kilicho mbali na migodi na viwanda, ambapo tunaweza kulima pamoja?

3. Kwa nini Isaya aliagiza tini, kama neno la uponyaji lilikuwa limekwisha kutolewa?

4. Ni nani kati yetu amepita miaka 40 na hajapimwa tansio hata mara moja?

5. Ni nani ameacha kidonge chake, kwa sababu ya chupa, kwa sababu ya unabii, au kwa sababu ya kukosa pesa? Asiaibishwe. Kama ni pesa, kikundi kifungue mufuko wa mapendo kwa ajili yake. Ni nani atafuatana naye siku ya Kwanza asubuhi mpaka kituo cha afya?